Gunia la Mama Mkwe

Neno la kwanza nililomwambia mwalimu wangu wa gari lilikuwa tusi, na gari lenyewe lilikuwa halijasogea hata hatua moja. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani na kitenge changu cha kanisani, nimeushika kwa nguvu zote kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Yeye alikuwa amesimama nje. Akapitisha mkono dirishani, akanichapa vidole kwa kijiti.

"Toa dole gumba inje," alisema. "Dole haikae ndani ya volani. Gurudumu ikipiga jiwe, volani inazunguka yenyewe, inakuvunja."

Nikamwita mpumbavu. Mzee wa rika la baba yangu! Hakukasirika. Aliinua mikono yake miwili, akanitandazia vidole vyote mbele ya macho.

"Huyu mupumbafu ameendesha kamyo tangu ujana yake," alisema. "Hesabu madole. Iko ngapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Vilikuwa kumi, na vyote vimenyooka. Nikatoa vidole gumba vyangu nje, nikavilaza juu ya usukani, na somo la siku hiyo likaishia hapo kwa sababu niliona aibu kuendelea.

Nieleze nilivyofika pale. Mume wangu alikuwa akibeba mazao ya watu kutoka milimani na kwenye uwanda wa Ruzizi mpaka Uvira mjini. Alikuwa na jipu kuukuu ambalo magurudumu yake yote manne huvuta, na nyuma yake remorki, tela fupi la chuma la magurudumu mawili. Mimi nilikuwa mshonaji. Aliugua majuma machache tu, akatutoka. Gari likabaki uani, remorki kando yake, kuku wakitaga chini yake, na mimi na watoto wangu wawili tukilitazama kila asubuhi tulipotoka nje.

Mwezi wa pili wa msiba, mdogo wake marehemu alikuja kutoka Luberizi kuniletea uamuzi wa ukoo. Alikaa, akanywa chai, akaweka kikombe chini taratibu.

"Shemeki, gari bila shofere ni chuma tu," alisema. "Siku ya kumaliza matanga, vitu yote ya marehemu itawekwa pa mukeka. Kama haiko muntu wa kuiendesha, gari itauzwa, familia igawane."

Yeye mwenyewe hakujua kuendesha, lakini mnunuzi alikuwa ameshampata.

"Na kama iko muntu?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nani? Weye?"

Nina ulimi unaokimbia kuliko akili. "Ndiyo, minye," nikamjibu. "Siku ya matanga nitaleta mama yenu kutoka kule juu, yeye na vyakula yote ya karamu, na remorke nyuma." Alipoondoka nilikaa chini nikajishika kichwa. Hata baiskeli sikuwa nimewahi kupanda. Lakini Uvira kila kona ina mshonaji, na cherehani moja haiwezi kulisha nyumba na kusomesha watoto wawili. Bila gari lile tungerudi kuwa watu wa kuombaomba kwa ndugu. Ilibidi niweze.

Mzee niliyemtukana alikuwa jirani yetu, dereva wa zamani wa malori ya njia ya Bukavu, ambaye mgongo ulimlazimisha kupumzika. Mume wangu alikuwa akimpeleka kanisani kila Jumapili. Nilipomwomba anifundishe hakuuliza atapata nini. Aliuliza tu kama betri bado ni nzima.

Tulijifunzia kwenye mlango wa mto, pale unapoingia ziwani, ambapo mvua za milimani zimeteremsha mawe mpaka pamekuwa uwanja mpana. Juma la kwanza karibu hatukuendesha. Alinitembeza kwa miguu. "Muguu yako ipite kwanza, gurudumu itafuata," alisema, na mimi nikavua viatu nikaingia majini na fimbo, nisikie kwa nyayo wapi pana mawe na wapi pana mchanga wa kuzama. Watu wanaovunja mawe pale walidhani msiba umenipanda kichwani: mjane anaingia mtoni, anatoka, anaingia tena. Mama mmoja aliniletea muhogo wa kuchoma akanipa pole upya. Niliula, ulikuwa mtamu.

Halafu ikaja krabo, kile kigingi kifupi kando ya gia kinachoamuru magurudumu yote manne yavute pamoja. Nilikuwa na tabia ya kukitia baada ya gari kunasa.

"Krabo haiko dawa ya kunywa kisha kugonjwa," mzee alinikemea. "Unaitia mbele ya matope."

Mguu wa mafuta ndio uliomshinda kunifundisha. Gari langu lilikuwa linaruka, linazimika, linaruka. Siku moja alikuja nyumbani akanikuta nashona, akasimama mlangoni akiutazama mguu wangu kwenye pedali ya cherehani.

"Kumbe unajua!" alipaza sauti. "Iyo muguu ya masini njo iyo iyo ya gari. Juu ya nini kule unakanyaga kama uko naua nyoka?"

Tangu siku ile niliendesha kwa mguu wa cherehani, na gari likaacha kuruka.

Remorki ndiyo iliyonitoa jasho. Ukienda mbele inakufuata kama ndama. Ukirudi nyuma inakuwa na kichwa chake: unageuza usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Siku ya tatu niliipeleka moja kwa moja kwenye nyavu ambazo kina mama walikuwa wameanikia ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Gurudumu moja likakanyaga ukingo. Nilishuka nikijua nitatukanwa, na nilitukanwa barabara, kwa Kifuliiru na kwa Kirundi, na mimi sikunyamaza. Kisha tukainama sote tukaokota ndagala mmoja mmoja kutoka mchangani mpaka hasira ikatuishia. Mwenye nyavu akasema nirudi kesho kujifunza, ila nipige honi kwanza.

Mzee alikuwa juu ya jiwe akijishika mbavu kwa kicheko. Aliponiona nakaribia kulia kweli, akaja, akachukua mkono wangu mmoja, akauweka chini kabisa ya usukani.

"Sahau volani," alisema. "Unataka matako ya remorke iende wapi? Peleka mukono huko huko."

Nikapeleka mkono kushoto, na remorki ikaenda kushoto. Nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya gari.

Somo la mwisho lilikuwa la kupakia. Tulijaza remorki mawe ya mtoni, makubwa yote nyuma, karibu na mlango wake. Mzee akaifungua kwenye gari, na yeye mwenye mgongo mbovu akainua shingo ya remorki kwa kidole kimoja.

"Umeona? Haikamate gari," alisema. "Ku mutelemuko itacheza, itakutupa. Nzito mbele, nyepesi nyuma. Na ikianza kucheza, usifinye fere! Ukifinya fere imekuua. Achilia mafuta, shika volani sawa, ngoja."

Fere ndiyo breki. Nikamwambia nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia.

Siku ilipofika nilimwomba anisindikize. Akakataa. "Minye nikikaa hapo pembeni, batasema ni minye niliendesha," alisema. "Enda peke yako." Nilimkasirikia njia nzima mpaka Luberizi. Leo najua kwamba kubaki kwake nyumbani ndiyo zawadi kubwa kuliko yote aliyonipa.

Luberizi shemeji alipanda gari ili aje kusimamia, kama alivyosema. Njia ya kupanda kuelekea Lemera sikukosea hata kitu kimoja. Kwenye kivuko nilishuka nikatembea majini kwanza, shemeji amebaki ndani anatazama saa. Krabo niliitia kabla ya matope. Remorki tupu ilirukaruka nyuma yetu kwa kelele kama za masufuria. Kule juu, mahali ambapo barabara huisha na njia za miguu huanza, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa tayari, magunia yake yameegemezwa ukutani.

Ni mwanamke wa maneno machache. Siku ya harusi yangu aliniambia maneno matatu, na siku tuliyomzika mwanawe hakuniambia hata moja, alinishika tu mkono tangu asubuhi mpaka jioni. Katika habari ya gari sikujua amesimama upande gani. Alinisalimu, akalizunguka gari, akatazama magurudumu, akaingia akakaa mbele.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kwetu mzigo wa mkubwa hupakiwa mwisho, ili uwe wa kwanza kushuka. Mkubwa hangoji wadogo watoe vitu vyao, na gunia lake halikaliwi na gunia la mtu mwingine. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, unalikuta duniani kama ulivyoikuta chumvi. Majirani walikuwa wameleta viazi vya kuchangia karamu, vikapu vya mboga na kuku watatu. Hivyo vikaingia kwanza, mbele. Kisha shemeji na majirani wakabeba magunia ya mama mkwe, manne ya maharage na mawili ya unga wa muhogo, mazito kama yale mawe ya mtoni, wakayapanga nyuma kabisa.

Nilisimama pale nikaona shingo ya remorki inalinyanyua gari kwa nyuma. Nilijua. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Mimi niliyemtukana mzee wa watu, niliyejibizana na kina mama wote wa ndagala, nilishindwa kumwambia mama mkwe wangu kwamba magunia yake yawekwe chini ya viazi vya watu. Nikafunga mlango wa remorki, nikakaza mnyororo, nikawasha gari.

Kwenye kona za juu nilishuka kwa gia ya kwanza na hapakuwa na neno. Njia iliponyooka, na mashamba ya mpunga yakaonekana kule chini, nikaliachia gari likimbie kidogo. Remorki ikaanza. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anakuvuta nguo kwa nyuma, kushoto, kisha kulia. Halafu ikaja kwa nguvu. Kiooni niliiona inajitupa pande zote mbili, na kulia kwetu palikuwa na korongo.

"Fere! Fere!" shemeji alipiga kelele.

Mguu wangu ulikuwa umeshafika juu ya breki. Ni nini kilichouzuia sijui. Nadhani ni ule mguu wa cherehani, uliozoea kulegea uzi unapokaza. Niliachilia mafuta, nikashika usukani sawa, vidole gumba nje, nikangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko safari nzima. Remorki ilicheza, ikapunguza, ikatulia, na gari likaenda likichoka mpaka nikaweza kulisimamisha. Nyuma yetu kuku walikuwa wanalalamika.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimewasikia wakuu wote, na nusura nivunjike shingo.

Shemeji alishuka, akabamiza mlango. "Umeona, mama? Nilisema. Iyi kazi haiko ya mwanamuke. Minye natelemuka ku Luberizi kwa muguu, nalete shofere wa kweli."

Nilielewa. Shofere wa kweli akifika, gari litaingia nyumbani kwao likiendeshwa na mtu mwingine, na ufunguo utakwenda kwenye mkeka bila swali. Na kama nikiwasha gari nikanyamaza tena, hatutafika kabisa.

Mama mkwe hakuwa amesogea. "Juu ya nini imefanya vile?" aliniuliza, macho mbele.

"Mama, iko nzito nyuma. Nyuma ni magunia yako." Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Inafaa iende mbele."

"Mbele, chini ya viazi ya bale bantu."

"Ndiyo, mama. Chini ya viazi ya bale bantu."

Shemeji alifungua mdomo. Mama mkwe akainua kidole, mdomo ukafungwa.

"Na iyi kitu, uliijua tangu kule juu?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilikuheshimu, mama."

Ndipo akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu tuondoke kwake. "Iyo heshima yako," alisema, "ilikuwa inatupeleka mu shimo." Akafungua mlango, akashuka. "Shusheni."

Tulishusha kila kitu barabarani. Wanawake waliokuwa wakipanda mlima na mizigo mgongoni waliitua mizigo yao, wakatusaidia. Mmoja wao, alipoona gunia la bibi mwenye mvi linawekwa chini kabisa na viazi vinaletwa vikae juu yake, alisita, akanikata jicho.

"Weka," mama mkwe akamwambia. "Shofere amesema."

Sijui kama alisikia neno alilolitumia. Mimi nililisikia. Shemeji naye alilisikia, maana hakwenda tena popote kwa miguu. Alibeba viazi.

Tuliteremka, na remorki ikanifuata kama ndama. Luberizi tulisubiri ng'ombe wapite, kisha tukafika kwenye lango la ukoo, jembamba kama mlango wa choo, na watu wote wamesimama uani kutazama. Remorki ilibidi iingie kinyumenyume. Nikaweka mkono chini ya usukani, nikasahau usukani, nikaipeleka mahali nilipotaka iende. Ilikwaruza nguzo moja ya lango. Alama yake iko hadi leo, na siioni aibu.

Wakaja mbio kumtolea mama mkwe mizigo yake, wakaikosa.

"Magunia ya mama iko wapi?" mkubwa wa ukoo aliuliza.

"Iko chini," mama mkwe alijibu. "Toeni ya bengine kwanza. Minye nangoja."

Watu waliona haya kuliko yeye. Wakataka kuchimba katikati ya viazi wayafikie magunia yake, akawakataza. Aliomba kigoda, akaketi kando ya gurudumu, na mwanamke yule ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kumngoja mtu, akangoja viazi, akangoja vikapu, akangoja kuku wa mwisho. Maharage ya karamu yalikuwa yake, kwa hiyo kila tumbo pale uani lilingoja pamoja naye. Nilikuwa nimeegemea gari natamani nimkumbatie, na kwetu mkwe hamkumbatii mama mkwe namna ile.

Tulipokwisha kula, mkeka ukatandikwa. Wakaweka koti la marehemu, redio yake, panga lake, viatu vyake vya kanisani. Kuviona viatu kulinikata maini. Shemeji akanitazama. Nikatoa ufunguo, nikauweka kati ya koti na redio, nikarudi kukaa na wanangu, waliokuwa wametangulia pale tangu jana yake. Mkubwa wa ukoo akakohoa, akaanza kueleza habari za yule mnunuzi.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akauokota ufunguo.

"Minye kesho narudi ku mulima," alisema. "Nani atanipeleka?"

Alimtazama shemeji. Shemeji akatazama vidole vya miguu yake. Akawatazama wanaume wengine, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Basi," alisema. Siku zote aliniita mke wa mwanawe. Siku ile hakuniita hivyo. "Shofere, kuya ukamate."

Nikaja, nikapiga magoti, nikaupokea kwa mikono miwili.

"Nitarudi na muchele," aliongeza. "Gunia yangu uiweke mbele."

Asubuhi niliupakia mchele wake wa kwanza, mbele, chini ya vitu vyote, naye amesimama kando kuhakikisha. Tangu siku ile nimebeba mizigo ya wakubwa wengi, watu wa Katogota, wafugaji wa kule juu, wachungaji wa makanisa, na kila mara naona haya kidogo kabla ya kuwaambia gunia lao litakaa wapi. Nawaambia. Wakinuna, namtaja mama mkwe wangu, wananuna kidogo kuliko mwanzo. Wanangu wanasoma. Ninamshukuru Mungu kwa mwanamke yule kila ninapokaza mnyororo wa remorki.

Niliporudi Uvira nilipitia kwanza kwa mzee. Alikuwa amekaa mlangoni, na nadhani alikuwa pale tangu nilipoondoka. Hakuuliza kama gari ni langu.

"Leta mikono," alisema.

Nikamtandazia vidole vyangu mbele ya macho. Alivihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, akivigusa kwa kile kijiti chake, na alipofika kumi nilikuwa nalia.